Mama Ana Kisukari, Hedhi Imekoma: Je, Tiba ya Homoni Itampandisha Sukari?

Fanya hesabu ndogo. Kama una miaka 22 na mama alikuzaa akiwa na 27, leo ana 49. Huo ndio umri ambao mambo mawili hupenda kukutana ndani ya mwili wa mwanamke: hedhi kukoma, na kisukari cha ukubwani, kile cha aina ya 2, kujitokeza au kuanza kusumbua. Hili la kisukari linajulikana nyumbani. Kadi ya kliniki iko kabatini, chai ya mama haina sukari, na bumu likiingia kuna wenzetu wanakata kidogo kutuma nauli ya kliniki. Lile la hedhi halitajwi. Mama anasema tu "nasikia joto", anafungua dirisha saa nane za usiku, na asubuhi anaamka hana hata hamu ya kuongea.

Makala hii inahusu pale mambo hayo mawili yanapogusana. Kuna tiba ya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi, na swali linaloulizwa sana ni kama mwenye kisukari anaweza kuitumia. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia utakutana na majibu mawili. Moja: "Homoni ni sumu kwa mtu wa sukari, zitampandisha." La pili: "Kuna homoni zinashusha sukari, mtafutieni." Yote mawili yanapotosha. Ukweli kwa kifupi ni kwamba tiba hii haipandishi sukari. Kwa wastani inaishusha kidogo. Lakini sio dawa ya kisukari, na kinachoamua kama mama aitumie au aiache sio sukari peke yake. Ni moyo, mishipa ya damu, matiti na miaka aliyokaa tangu hedhi ikome.

Wavulana, msigeuze ukurasa. Mama ni wa wote, na mara nyingi mwenye bando na anayesoma maelezo ya dawa nyumbani ni wewe.

Hedhi ikikoma, nini kinatokea?

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine kama ujauzito au dawa. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini safari huanza mapema, miaka kadhaa kabla. Hedhi inaruka mwezi, inarudi nzito, inapotea tena. Katika kipindi hiki cha mpito ovari hutoa homoni ya estrojeni kwa kupanda na kushuka, na mwishowe kiwango kinashuka na kubaki chini.

Dalili zinazojulikana zaidi ni joto la ghafla linaloanzia kifuani na kupanda hadi usoni, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Kimyakimya, mifupa nayo inaanza kupoteza uimara. Wapo wanaopita kipindi hiki bila shida yoyote, na wapo wanaoteseka kwelikweli. Utafiti wa Marekani unaoitwa SWAN, uliowafuatilia wanawake wa jamii mbalimbali kwa miaka mingi, ulitoa matokeo mwaka 2015: nusu ya wanawake waliopata joto la ghafla la mara kwa mara walikaa nalo kwa zaidi ya miaka 7. Kwa Wamarekani weusi muda huo ulizidi miaka 10. Kwa hiyo ile kauli ya "vumilia tu, litapita" maana yake inaweza kuwa vumilia tangu mtoto anaingia kidato cha kwanza mpaka anamaliza chuo.

Estrojeni na sukari zinajuana wapi?

Tukila ugali, wali au chapati, chakula kinageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, na insulini ni kama mtu anayegonga mlango wa seli ili sukari iingie ndani ikatumike. Katika kisukari cha aina ya 2 tatizo kubwa ni kwamba milango inakuwa mizito kusikia. Insulini inagonga, seli zinachelewa kufungua, sukari inabaki nje kwenye damu. Kongosho linajitahidi kutoa insulini zaidi, mpaka siku moja linachoka.

Estrojeni inaingia hapa kwa njia kadhaa. Inasaidia misuli kuisikia insulini vizuri. Inalizuia ini kumwaga sukari ovyo kwenye damu, hasa usiku. Inalinda seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Pia inachangia mafuta ya mwanamke kukaa zaidi kwenye nyonga na mapaja. Ikipungua, mafuta yanahamia tumboni, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayofanya milango ya seli iwe mizito zaidi. Ongeza na usingizi mbovu: mwili usiolala unatoa homoni za msongo kama kotisoli, nazo zinapandisha sukari.

Sasa weka picha hiyo nyumbani. Mama hajabadilisha chakula, vidonge ni vilevile, lakini sukari ya asubuhi iliyokuwa inasoma 7 sasa inasoma 9 au 10. Familia inaanza kumshuku: "Mama unaibia soda." Inawezekana anaibia, lakini inawezekana pia mwili umebadilika chini ya miguu yake. Umri wenyewe unachangia, na kukoma kwa hedhi kunachangia. Lawama haishushi sukari. Kinachotakiwa ni arudi kliniki dawa zipitiwe upya, na asione aibu kutaja habari za hedhi akiwa kwenye chumba cha daktari wa kisukari.

Hili ni joto, au sukari imeshuka?

Kabla ya kufika kwenye homoni, kuna jambo moja ambalo kila mwenye mama wa umri huu alijue, kwa sababu linaweza kuokoa maisha. Joto la ghafla la kukoma hedhi na kushuka kwa sukari vinafanana sana. Vyote vinaleta jasho, moyo kwenda mbio, wasiwasi na udhaifu. Vyote vinaweza kumwamsha mtu usiku akiwa amelowa.

Kosa linaweza kutokea pande zote mbili. Mama mwenye joto la kawaida anaweza kudhani sukari imeshuka, akanywa soda, na sukari ikapaa. Kinyume chake ni hatari zaidi: sukari imeshuka kweli, yeye anasema "ni haya majoto yangu", anajifunika kanga na kulala. Sukari ikizidi kushuka inaweza kumletea kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu.

Kipo kidokezo cha kuanzia, nacho ni dawa anazotumia. Anayetumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi, anaweza kushukiwa na sukari. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushukiwa. Pia kushuka kwa sukari mara nyingi huja na njaa kali, mikono kutetemeka na kuongea ovyo, wakati joto la ghafla linakuja kama wimbi la dakika chache na kuacha baridi nyuma yake. Lakini usikisie kama unaweza kupima. Kidole kimoja, tone moja, kijiti kimoja. Ikisoma chini ya 4, hiyo ni sukari imeshuka. Apewe sukari ya haraka, kama vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kama hakuna kipimo na anatumia insulini au glibenklamidi, mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Asiyejitambua asinyweshwe kitu mdomoni; awahishwe hospitali.

Tiba ya homoni yenyewe ni nini?

Ni kumrudishia mwanamke estrojeni kwa kiasi kidogo ili dalili zipungue. Mpaka leo ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote dhidi ya joto la ghafla na jasho la usiku, na inalinda mifupa. Inakuja kama kidonge, kibandiko cha kubandika kwenye ngozi, jeli ya kupaka, au dawa ya kuweka ukeni.

Mwanamke ambaye bado ana mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake. Estrojeni ikiwa peke yake inanenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba na kuongeza uwezekano wa saratani hapo. Kwa hiyo anaongezewa projesteroni, au homoni ya jamii yake, ili kuulinda utando huo. Aliyetolewa mji wa mimba kwa upasuaji kwa kawaida anatumia estrojeni tu.

Mambo mawili yanachanganywa mtaani. Kwanza, vidonge vya uzazi wa mpango sio tiba ya kukoma hedhi. Vile vyenye estrojeni vina nguvu kubwa zaidi, na mama wa miaka 50 mwenye kisukari na presha hatakiwi kuazima vidonge vya binti yake. Pili, tiba ya homoni haizuii mimba. Aliye kwenye kipindi cha mpito bado anaweza kupata ujauzito.

Hofu ilianzia wapi?

Hofu ya homoni ina tarehe: Julai 2002. Kabla ya hapo, Marekani na Ulaya madaktari walikuwa wanazigawa karibu kama vitamini, wakiamini zinalinda moyo. Ndipo utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ukasimamisha sehemu yake moja kabla ya muda. Wanawake 16,608 wenye mji wa mimba walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kidonge chenye estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na projestini ya maabara, na jingine lilipewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka 5 na kidogo, kundi la dawa lilionekana kupata madhara zaidi. Vyombo vya habari vikapiga kelele, na mamilioni ya wanawake wakatupa vidonge.

Hapa waliosoma takwimu mwaka wa kwanza watakumbuka tofauti kati ya asilimia ya ongezeko na idadi halisi ya watu. Kichwa cha habari kilisema saratani ya matiti iliongezeka kwa asilimia 26. Ukiisoma hiyo unatetemeka. Idadi halisi ni hii: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia dawa, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Kati ya 10,000 waliotumia, ni 38. Ongezeko ni wanawake 8 katika kila 10,000 kwa mwaka. Kiharusi kiliongezeka kwa 8, damu kuganda na kwenda kuziba kwenye mapafu kwa 8, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa 7. Upande wa faida, kuvunjika nyonga kulipungua kwa 5 na saratani ya utumbo mpana kwa 6.

Namba hizo sio sifuri, na nane sio nane kama mmoja wao ni mama yako. Lakini angalia pia ni akina nani waliopimwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Wengi hedhi ilikuwa imekoma zaidi ya miaka 10 nyuma, na mishipa yao ilikuwa imeshaanza kuzeeka. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba anayeanza akiwa chini ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hatari zake ni ndogo kuliko za anayeanza akiwa na 70. Kwa wale waliotolewa mji wa mimba na kutumia estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka, ingawa kiharusi kiliongezeka.

Na sukari je?

Katikati ya kelele zile, kuna matokeo ambayo hayakupata kichwa cha habari. Mwaka 2004 watafiti walichambua wanawake wa utafiti huohuo ambao walianza bila kisukari. Waliotumia kidonge cha homoni, asilimia 3.5 walipata kisukari kinachohitaji dawa. Wasiotumia, asilimia 4.2. Hiyo ni pungufu kwa karibu asilimia 21. Ukitumia macho yaleyale tuliyotumia kwenye saratani, tofauti halisi haifiki hata mtu mmoja katika kila 100. Ipo, lakini ni ndogo.

Kwa wanawake ambao tayari wana kisukari, uchambuzi muhimu ulitoka mwaka 2023 kwenye jarida la Diabetes Care. Watafiti walikusanya majaribio 19 yenye wanawake 1,412. Walipima vitu viwili. Cha kwanza ni HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kilishuka kwa wastani wa 0.56. Yaani mama aliyekuwa na asilimia 8.0 angefika karibu 7.4. Cha pili ni sukari ya asubuhi kabla ya kula, ambayo ilishuka kwa wastani wa 1.15, tuseme kutoka 9.0 kwenda 7.9 hivi.

Kushuka huko sio kitu cha kubeza, ila tukipime vizuri. Metformini, kidonge cha bei nafuu ambacho wagonjwa wengi wanakitumia, kwa kawaida kinashusha HbA1c kwa karibu 1 au zaidi. Halafu majaribio mengi kati ya hayo 19 yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Mwenye kisukari cha aina ya 1, kile cha insulini tangu utotoni, asijipimie kwa matokeo haya moja kwa moja, maana walikuwa asilimia 4 tu ya washiriki. Na wastani ni wastani: ndani yake wapo walioshuka sana na wapo ambao hawakubadilika.

Kwa hiyo ile sentensi ya kwanza ya WhatsApp, "zitampandisha", haisimami. Taasisi ya NICE ya Uingereza, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, iliwaambia madaktari waziwazi kwamba tiba hii kwa ujumla haiharibu udhibiti wa sukari, na kwamba mwenye kisukari cha aina ya 2 anaweza kufikiriwa kupewa baada ya magonjwa yake mengine kuangaliwa. Na ile sentensi ya pili, "mtafutieni zimshushe sukari", nayo haisimami. Jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu kinga ya magonjwa, USPSTF, lilirudia mwaka 2022 kwamba homoni zisitumike kwa lengo la kuzuia magonjwa sugu. Mtu anapewa kwa sababu ya dalili za kukoma hedhi. Sukari ikishuka kidogo njiani, hiyo ni nyongeza.

Kwa nini basi daktari anasita?

Kwa sababu kisukari chenyewe kinachosha mishipa ya damu. Kabla ya kukoma hedhi, wanawake kwa kawaida wanapata magonjwa ya moyo kwa kuchelewa kuliko wanaume. Kisukari kinakula sehemu kubwa ya faida hiyo. Mara nyingi hakiji peke yake. Kinakuja na presha, mafuta mengi kwenye damu na uzito. Kwa mtu wa namna hiyo, kile kiharusi "8 katika 10,000" kinaanzia kwenye namba kubwa zaidi.

Ndiyo maana aina ya dawa inaleta tofauti. Kidonge cha estrojeni kikimezwa kinapita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini likipata dozi hiyo linatengeneza zaidi vitu vya kugandisha damu, na mafuta aina ya trigliseridi yanaweza kupanda. Estrojeni ya kibandiko au jeli inapita kwenye ngozi na kuingia moja kwa moja kwenye damu, na tafiti zinaonyesha haiongezi damu kuganda kama kidonge. Kwa sababu hiyo, mwenye kisukari, presha au uzito mkubwa mara nyingi anashauriwa njia ya ngozi, dozi ndogo, na projesteroni ya asili badala ya zile kali za maabara.

Wapo ambao tiba hii haiwafai, sukari iwe nzuri au mbaya. Aliyewahi kupata saratani ya matiti. Aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo. Mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu ana tahadhari yake kubwa. Na mwanamke anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana achunguzwe kwanza. Hili la mwisho lishike sana: mama aliyekoma hedhi akiona damu tena baada ya mwaka, hata tone, sio "hedhi imerudi". Aende hospitali, maana inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba.

Anayeanza tiba akiwa anatumia insulini au glibenklamidi apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Insulini ikianza kusikika vizuri, dozi ileile ya zamani inaweza kumshusha kupita kiasi.

Kama homoni hazimfai au hazipatikani

Hajaachwa njia panda. Zipo dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto la ghafla, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, ambazo daktari anaweza kuandika. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetanti, kidonge kinachotuliza sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili bila kutumia homoni.

Kwa ukavu ukeni na maambukizi ya mkojo yanayojirudia, estrojeni ya kuweka ukeni kwa dozi ndogo inafanya kazi palepale na ni kidogo sana inayofika kwenye damu. Hili ni muhimu kwa mama wa kisukari, kwa kuwa sukari kwenye mkojo na upungufu wa estrojeni vyote vinawakaribisha wadudu. Wengi wanatibiwa "yutiai" mara nne kwa mwaka na hakuna anayeuliza habari za hedhi.

Na yapo yasiyohitaji cheti cha daktari. Kutembea kwa kasi dakika 30 siku nyingi za wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu, hata kubeba ndoo na kupanda ngazi, kunafanya misuli isikie insulini na kunalinda mifupa. Chakula cha usiku kiwe mapema na chepesi. Nguo na shuka ziwe za pamba. Haya hayaondoi joto lote, ila sukari inayashukuru.

Unaanzaje kuongea na mama?

Hapa ndipo wengi tunakwama. Habari za hedhi mtoto hamuulizi mama yake hivihivi, na mtoto wa kiume ndiyo kabisa. Lakini huhitaji kuanzia huko. "Shikamoo mama. Usiku unalala vizuri siku hizi?" ni swali la heshima, na ndani yake kuna kila kitu. Akisema halali, anatoka jasho, muulize kama huwa anapima sukari muda ule. Kama bado ni zito, mpitie mama mdogo, shangazi au dada mkubwa. Wao wana ruhusa ambayo wewe huna.

Akikubali kwenda kliniki, msaidie kujiandaa. Daftari moja, wiki mbili: saa joto lilipokuja, sukari ilisoma ngapi, alikula nini. Kisha maswali manne ya kuuliza:

1. Kwa historia yangu ya moyo, presha, damu kuganda na matiti, tiba ya homoni inaniruhusu?
2. Kama inaniruhusu, naweza kupata ya kupitia ngozi badala ya kidonge, na itanigharimu kiasi gani kwa mwezi?
3. Dozi za dawa zangu za sukari zibadilike? Nipime mara ngapi?
4. Tutaangalia lini tena kama bado naihitaji?

Hilo la nne lina maana yake. Tiba hii haianzwi na kusahaulika. Inapitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na kama mama hajakaribia kufika hospitali au duka la dawa la uhakika, asiinunue kwa mtu wa mtandaoni anayeiita "homoni za asili, hazina madhara". Chenye nguvu ya kubadilisha mwili kina madhara pia. Kinachotakiwa ni kuyajua na kuyapima.

Mama zetu wengi walifundishwa kwamba haya ni ya kuvumilia kimya. Kisukari nacho wamefundishwa kwamba ni cha kujilaumu. Mtu anayebeba vyote viwili usiku mmoja, dirisha wazi na kanga imelowa, anastahili angalau mtu mmoja nyumbani anayejua kwamba kuna kipimo cha kutofautisha, kuna tiba ya kuulizia, na kuna namba za kufikiria bila hofu. Wiki hii ukipiga simu kuuliza kama hela ya matumizi imetumwa, usikate kabla hujauliza analalaje.